Tangi jipya la mafuta kwenye Land Rover Series III fupi, linaingiaje?

kijani88

Wakuu habari zenu. Nina Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, injini ya petroli ya lita 2.25, nimeirithi kwa baba na naipenda kweli, sitaki ife mikononi mwangu. Sasa tangi la mafuta, lile la chini ya kiti cha mbele kulia, limeoza. Lilianza kutoa jasho tu kwenye mshono wa chini nikapaka ile gundi ya chuma ya kuchanganya, ikashika kama miezi miwili, saivi linadondosha kabisa na nikipiga tochi naona kutu imekula mpaka pale linapokalia chesisi.

Nimeagiza tangi jipya la chuma na limeshafika. Nimenunua pia sensa mpya ya geji, ile inayokaa ndani ya tangi kupima mafuta, na mfuniko mpya maana ule wa zamani sili yake imekatika. Sijawahi kushusha tangi maishani. Naomba kujua linatoka kwa juu au kwa chini, lazima ning'oe kiti chote au la, na vitu gani nisivirudishe vya zamani. Alafu kuna jamaa kaniambia jipya la nini, nimwage mafuta yote nichomelee tu lile la zamani. Mnasemaje?

Nati_na_Bolti

Naanza na hilo la mwisho kabla hujalala nalo. USICHOMELEE. Tangi lililomwagwa mafuta ndo hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke sio petroli yenyewe. Mvuke ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa iliyomo humo ndani tayari unawaka, na unaendelea kuweza kuwaka mpaka kwenye asilimia 7 na kitu. Tangi tupu linakaa humo humo katikati. Na petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi ya kugandisha maji, kwahiyo usijidanganye kwamba umeliacha wazi siku tatu limekauka, ile kutu na uchafu wa kwenye kona unashika mafuta na moto wa kuchomelea ukiupasha unayatoa upya. Nimemuona fundi mzoefu kabisa akiunguzwa mikono na uso na tangi aliloamini limekauka, na mpaka leo nikisikia mtu anasema nichomelee tu naumia roho.

Umeshanunua jipya, funga jipya.

DadaSpana

Kaka kijani88 hongera kwa kuitunza gari ya mzee. Hiyo kazi nimeifanya mara nyingi kwenye hizi fupi, sio ngumu ila ina vitu vidogo vidogo vinavyorudisha watu gereji. Tangi linashuka kwa CHINI, ila mabomba na waya unavifungulia JUU. Kiti chote huhitaji kung'oa, toa mto wa kukalia tu, chini yake utakuta kifuniko cha bati kimeshikwa na skrubu, kitoe utaona sehemu ya juu ya tangi, sensa na bomba la mafuta vipo hapo.

Kabla ya yote toa waya wa negativu kwenye betri. Fanya kazi nje au sehemu inayopitisha hewa, na tafadhali usipaki juu ya shimo la gereji, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unashuka unajaa mle shimoni na wewe ndo umesimama humo. Taa ya balbu ya kuning'iniza usitumie, tumia tochi.

Mwaga mafuta kwa plagi ya chini, chombo cha chuma au dumu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli. Usijaribu kulishusha likiwa na mafuta, tangi hili linabeba lita 45 hivi, ni zaidi ya kilo 30 za petroli bado chuma chenyewe. Baada ya hapo juu toa waya wa sensa, toa bomba la mafuta, halafu kwa pembeni legeza klemu za mipira miwili inayotoka kwenye shingo ya kujazia, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Hiyo mipira ya zamani inakuwa imegandana na chuma, usivute kwa nguvu ukapinda shingo, ikate kwa kisu maana hairudi.

Bolti za kushikilia tangi loweka mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla, asubuhi na jioni. Nyingi kwenye gari hii ni za inchi sio milimita, ukilazimisha spana ya milimita inayokaribiana utakula kichwa cha bolti kisha utaanza kutamani grinda, na grinda karibu na tangi la petroli haiingii kabisa, cheche zake ni kama kiberiti. Bolti ikigoma ni msumeno wa mkono na subira. Weka jeki na kipande cha ubao chini ya tangi kabla ya kutoa bolti ya mwisho.

Kurudisha nitaandika jioni, nina gari ya mtu hapa.

MzeeDizeli

Kijana nina swali moja kabla hujafika mbali. Hilo tangi uliloletewa ni la petroli au la dizeli? Kwa nje yanafanana sana ila la dizeli linakuwa na mdomo wa ziada wa mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini. Injini yako ya petroli yenye kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, haina mafuta ya kurudi. Ukilifunga la dizeli ukasahau kuziba huo mdomo utakaa unanusa petroli ndani ya gari kila siku ukidhani mpira unavuja, na ni harufu iliyo chini ya kiti chako mwenyewe.

Na wengine wenye injini za dizeli mkisoma hapa, msikubali tangi lililopakwa zinki ndani. Dizeli na zinki havipatani, vinatengeneza uchafu kama sabuni unaoziba filta na nozeli.

kijani88

Shikamoo mzee. Nimeenda kuliangalia saivi, lina tundu kubwa la sensa, mdomo mmoja wa mafuta, na midomo miwili ya pembeni mnene na mwembamba. Basi. Bila shaka ni la petroli. Dada asante sana, nimeshaanza kulowesha bolti.

MzeeDizeli

Marahaba. Hapo sawa, endelea.

chesisi_nyeusi

Mimi naongeza moja tu, ile kutu yako imekula PALE LINAPOKALIA, hiyo ina maana yake. Matangi haya hayaozi kwa sababu ya petroli, yanaoza kwa nje, tope na maji yanakaa kati ya tangi na chuma cha chesisi hayakauki. Watu wanaweka sponji au kipande cha zulia hapo katikati eti lisigonge, sponji inanyonya maji inakaa nayo mwaka mzima. Weka mpira mgumu usionyonya maji au usiweke kitu kabisa kama halikuja nacho.

Ile rangi nyeusi ya kutoka kiwandani kwa kawaida ni ya kulinda njiani tu. Ikwangue kwa msasa mwepesi, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, juu yake rangi ya chesisi mikono miwili, mshono wa kuzunguka ndo uuhurumie zaidi. Ziba matundu yote kwanza vumbi lisiingie. Na likiwa chini hilo la zamani usiharakishe kupandisha jipya, piga brashi ya waya kwenye chesisi na zile mbawa zinazoshikilia tangi, gonga kwa nyundo ndogo usikilize, chuma kizima kinalia, kilichooza kinafanya bubu. Kama kuna pa kuchomelea kwenye chesisi, huo ndo wakati, tangi likiwa mbali kabisa na gari.

DadaSpana

Nimerudi. Kurudisha.

Ndani ya tangi jipya kuna mafuta ya kiwandani na vichembe vya chuma. Weka lita moja mbili za petroli, lizungushe, mwaga kupitia kitambaa cheupe, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Ukiruka hapa hivyo vichembe vitakwenda kukaa kwenye kabureta.

Sensa ijaribu kabla hujaifunga. Chukua multimeta, kwenye hizi geji za kampuni ya Smiths sensa ikiwa chini kabisa inasoma karibu omu 240, ikiwa juu kabisa inashuka mpaka kwenye 20 na kitu au 30 hivi. Nyanyua mkono wa floti, lile boya linaloelea kwenye mafuta, taratibu uone namba inashuka bila kuruka. Ikiruka ruka irudishe ulikoinunua. Alafu iingize kwenye tangi bila kufunga, igeuze geuze, usikilize floti isiguse ukuta. Gasketi ya sensa iwe mpya, na nakuomba USIPAKE silikoni ile ya kawaida, petroli inaifanya inavimba kama mkate uliolowa kisha inakatika vipande vinaingia kwenye bomba. Uzi wa plagi ya chini pia usizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, weka wosha mpya.

Mipira yote mipya, iliyoandikwa kwamba ni ya mafuta. Mpira wa rejeta unafanana lakini petroli inaulainisha kwa ndani mpaka unakuwa kama bigijii. Ule mnene uunganishe na tangi kabla hujakaza bolti za tangi, ukikaza kwanza utahangaika kuuingiza kwa pembe na utaupinda. Kaza bolti mwisho kabisa, mipira ikiwa imekaa sawa.

Baada ya hapo lita tano tu, sio kulijaza. Pangusa kila maungio, acha usiku mzima na karatasi nyeupe chini. Asubuhi ikiwa kavu rudisha betri.

kijani88

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Tangi limeingia! Bolti mbili za nyuma ziligoma kama dada alivyotabiri, nimetumia msumeno wa mkono karibu saa nzima kwa kila moja, chesisi ilikuwa nzima kabisa nikapiga brashi na rangi, tangi nalo nikalipaka mikono mitatu linang'aa vizuri mpaka nilitamani lisifichwe chini. Karatasi nyeupe ilikuwa kavu asubuhi, nikawasha gari ikawaka, nilifurahi sana jamani.

Sasa matatizo. La kwanza geji imelala kwenye E, yaani tupu, haiinuki hata nikiweka lita ishirini, wakati sensa niliipima kabla na ilikuwa sawa sawa. La pili na ndo linaniumiza, gari inatembea vizuri kama dakika arobaini kisha inaanza kumisi, inakosa nguvu, inazima. Nikikaa kando dakika kumi inawaka tena, inaenda kidogo inazima. Na nikienda kujaza mafuta nozeli ya pampu inakata kata kila baada ya lita moja, kabla haikuwa hivyo. Nimekosea wapi? Nimeanza kuhisi tangi lenyewe ni bovu.

Nati_na_Bolti

Kabureta ina vichembe, hakika. Ulisuuza kweli lile tangi?

kijani88

Nilisuuza mara nne kaka, kitambaa kilitoka cheupe. Na kile kikombe cha kioo cha pampu nimekifungua hakina hata punje.

DadaSpana

Tangi sio bovu. Yote matatu ni ya kawaida baada ya kufunga jipya, twende moja moja.

Hilo la kuzima, nijibu kitu kimoja. Ikizima siku nyingine usikae dakika kumi. Shuka hapo hapo ufungue mfuniko wa kujazia. Ukisikia pssss ya hewa inavutwa NDANI na gari ikawaka mara moja, basi tangi lako halipumui. Pampu inanyonya petroli, nafasi iliyoachwa inatakiwa ijazwe na hewa kutoka nje, hewa isipoingia tangi linakuwa kama chupa uliyoiweka mdomoni ukanyonya. Pampu hii ya mashine inayosukumwa na injini haina nguvu ya kushindana na hilo, inafika mahali inashindwa. Ukikaa dakika kumi hewa inapenya kidogo kidogo kwenye nyufa ndo maana inawaka tena. Kama ni uchafu unaofunika bomba la kunyonyea, kufungua mfuniko hakubadilishi kitu, inabidi usubiri ule uchafu udondoke wenyewe. Ndo tofauti yao. Usiache kupima maana tangi linaweza kufyonzwa mpaka likabonyea.

Mfuniko umenunua mpya si ndiyo? Iko mifuniko ya aina mbili kwa shingo hiyo hiyo, wenye tundu la kupumua na usio nalo. Ule wa zamani uliokatika sili ulikuwa unapitisha hewa hata kama haukutengenezwa hivyo. Umeweka mpya unaobana vizuri, umeziba pua.

MzeeDizeli

Dada amemaliza hapo. Nozeli kukata kata ni jambo jingine, sio mfuniko maana wakati wa kujaza mfuniko umetoa. Huo ni mpira mwembamba. Mafuta yakiingia kwa mnene hewa ya ndani inatakiwa irudi juu kwa mwembamba, ikikosa njia inatoka kwa mnene inakutana na mafuta yanayoingia, yanarudi juu yanagusa ncha ya nozeli inakata. Angalia huo mwembamba, kwa uzoefu wangu unakuwa mrefu kuliko unavyotakiwa, umepinda katikati kama mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa.

chesisi_nyeusi

Na geji ni kosa langu mimi, naomba radhi. Nilikwambia upake rangi sikukwambia uache sehemu ya chuma kitupu. Sensa inapata negativu yake kupitia mwili wa tangi, tangi linaipata kwenye chesisi kupitia bolti. Umepaka mikono mitatu na kwenye chesisi pia, umeme hauna pa kurudia, kwahiyo sindano inabaki E.

Toa waya wa betri kwanza. Kwangua rangi chini ya bolti moja ya tangi, funga waya mfupi wenye vishikizo huko, upande wa pili uende kwenye chuma kisafi cha chesisi, kisha paka grisi juu yake kutu isirudi. Kama bado, angalia waya wa kijani wenye mstari mweusi umeuweka wapi, sensa nyingi za aina hii zina ncha mbili, T na W. T ndo ya geji, W ni ya taa ya kuonya mafuta yamebaki kidogo.

Angalia pia geji ya joto la injini. Kama na yenyewe imelala basi usihangaike na tangi, hizo geji mbili zinalishwa na stabilaiza moja, kifaa cha kutuliza umeme, ya volti 10 nyuma ya dashibodi.

kijani88

Geji ya joto inafanya kazi. Kesho naamka nayo.

kijani88

Nimemaliza saa hizi mikono bado inanuka petroli lakini lazima niwaambie.

Mfuniko. Niliendesha mpaka ikaanza kumisi, nikasimama, nikafungua, jamani ile sauti ya hewa ilikuwa ndefu, nimeisikia na mlio wa bati la tangi likirudi kwenye umbo lake, TONG, nikashtuka. Nikawasha ikashika papo hapo. Nimepata mfuniko wenye tundu, leo nimetembea zaidi ya saa mbili mfululizo na milima ndani yake, haijamisi hata mara moja. Tangi nimelikagua, halijabonyea.

Mpira mwembamba ulikuwa umepinda kabisa kama mzee alivyosema, niliukata mrefu nikidhani nitaweka akiba. Nimepunguza kama upana wa vidole vinne, umekaa umenyooka. Nozeli saivi inamwaga mpaka mwisho.

Geji ilinitoa jasho zaidi. Niliweka waya wa negativu bado ikalala E. Nikaenda kwenye ncha, kweli waya nilikuwa nimeuweka kwenye W. Nikahamisha T, sindano ikapanda taratibu ikasimama karibu na nusu. Kwahiyo yalikuwa makosa mawili kwa pamoja, ningerekebisha moja tu ningesema ushauri sio sahihi. Chesisi_nyeusi huna haja ya kuomba radhi kaka, bila wewe nisingejua ata kuna herufi pale.

Swali la mwisho. Lile tangi la zamani liko nje ukutani. Kuna mtu analitaka alikate katikati atengeneze jiko la mkaa, nimpe?

Nati_na_Bolti

Usimpe! Atalikata na nini? Na grinda! Limwage vizuri, litoboe kwa mkono bila mashine baada ya kulijaza maji mpaka juu ili lisiwe na nafasi ya mvuke, maji hayo yana petroli usiyamwage mtaroni wala kwenye udongo, yaweke kwenye dumu uyapeleke wanakopokea mafuta machafu. Tangi lenyewe liende kwa wanaonunua vyuma chakavu na uwaambie kwa mdomo wako kwamba lilikuwa la petroli.

kijani88

Sawa kaka, nimeshamwambia hapana. Kanuna kidogo ila nimemsomea ulichoandika kule juu kuhusu yule fundi, akanyamaza.